Mbegu iliyozaa bila kuota

Nilivumilia wiki sita. Kila asubuhi nilikuwa nainama juu ya matuta yangu matatu ya viazi mviringo nyuma ya nyumba, natafuta ufa kwenye udongo, ule ufa mdogo unaokuambia kuna kitu kinasukuma kutoka chini. Sikuona kitu. Wiki ya saba uvumilivu ukaniishia, nikachukua uma wa shamba nikafukua.

Mbegu, yaani viazi vyenyewe nilivyovifukia, nilizikuta. Hazikuwa zimeoza wala kuliwa na wadudu. Zilikuwa ngumu karibu kama siku nilipozifukia, ila kwenye macho yake, vile vishimo vinavyotoa machipukizi, kulikuwa na viazi vingine vidogo, vyeupe, vingine sawa na punje ya harage, vingine kama gololi, vimeng'ang'ania mbegu kama kupe. Shina hakuna. Jani hakuna. Mbegu zilikuwa zimezaa bila kuota.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba nimeuziwa mbegu mbovu. Nikamwita mzee jirani yangu, ambaye alianza kulima viazi kabla mimi sijazaliwa. Akaokota mbegu moja, akaigeuzageuza.

"Hizi ulizihifadhi wapi?"

"Jikoni, mzee. Karibu na jiko."

"Zilichipua?"

"Sana tu. Nikazing'oa machipukizi, yakaota mengine."

"Basi umezizeesha mwenyewe, mwanangu, halafu ukazilaza kwenye barafu. Ulitaka zifanyeje?"

Ilinichukua muda kuelewa alichosema. Mimi nilikuwa najua kiazi cha mbegu kina umri mmoja tu, ule unaohesabiwa tangu kilipochimbwa. Kumbe kina umri wa pili, umri wa mwili, na huo unakimbizwa na joto. Viazi viwili vilivyochimbwa siku moja kutoka shina moja, kimoja kikawekwa mahali pa nyuzi 4 na kingine mahali pa nyuzi 20, baada ya miezi michache si rika tena. Cha baridi bado kijana, kimelala. Cha joto kimeamka, kimechipua, na ukiking'oa machipukizi kinalazimika kuanza upya kwa akiba iliyopungua. Mbegu kijana huwa na hamu ya kukua kwanza, iote majani mengi, ndipo ifikirie kuzaa. Mbegu mzee ina haraka ya kuzaa. Ukiichukua hiyo iliyozeeka ukaifukia kwenye udongo wa baridi, chipukizi linakwama, haliwezi kurefuka hadi juu kwenye mwanga. Chakula kilichomo ndani ya mbegu hakina pa kwenda, kwa hiyo kinageuka viazi vidogo palepale kwenye jicho. Nilichofukua mimi ndicho hicho.

Kwa hiyo nilifanya makosa mawili yaliyosaidiana: mbegu ilikuwa mzee, na udongo ulikuwa bado umelala. Moja peke yake huenda lingesamehewa.

Haraka yenyewe ya kupanda mapema ilikuwa na sababu, nisijidharau sana. Kiazi ni mmea wa milima ya Andes, na baridi ya kiasi ndiyo kawaida yake. Hujaza vizuri chini ya ardhi udongo ukiwa kwenye nyuzi 15 hadi 20 hivi. Ukikaribia nyuzi 30, kazi ya kujaza inasimama hata kama majani yako juu yanapendeza. Anayechelewa kupanda hukutana na joto katikati ya safari. Halafu kuna bakajani chelewa, ule ugonjwa unaoanza kama doa la maji kwenye jani na ndani ya siku chache shamba zima linanuka. Unahitaji unyevunyevu na ubaridi wa wastani ili kusambaa, na mara nyingi huja msimu ukiwa umekolea. Viazi vya mapema huwahi kuchimbwa kabla haujafika. Hata mimi nilitaka kuwahi. Nilikosea tu kupima kuwahi kwenyewe kwa kalenda.

Msimu uliofuata nilianza kwa kununua kipimajoto. Nisiseme uongo: sikununua, nilichukua kile cha jikoni cha kuchomeka kwenye nyama, na mke wangu hajanisamehe hadi leo. Kila siku saa mbili asubuhi nilikichomeka kwenye tuta, kina cha sentimita 10, nikasubiri dakika mbili, nikaandika kwenye daftari. Asubuhi ndiyo saa ya ukweli. Saa tisa alasiri udongo wa juu unakudanganya, unasoma nyuzi 14 ukadhani mambo tayari, kumbe usiku unarudi 5. Nilijiwekea sheria: nyuzi 8 za asubuhi, siku tatu mfululizo, ndipo nitapanda. Chini ya hapo mbegu inakaa tu inangoja, na kadiri inavyongoja ndivyo vimelea vya udongoni vinavyopata nafasi ya kutafuna chipukizi.

Mbegu safari hii nilizihifadhi mahali pa baridi, giza, penye hewa, pasipofika nyuzi sifuri. Wiki tano kabla ya tarehe niliyokuwa naikisia, nikazitoa nikazipanga kwenye trei za mayai. Kiazi kina ncha mbili: moja ndipo kilipokuwa kimeshikamana na mama, nyingine ndiyo yenye macho mengi yaliyosongamana. Ncha ya macho inaangalia juu. Trei nikaziweka kwenye chumba kisicho na moto, karibu na dirisha, penye mwanga wa kutosha lakini jua halizipigi moja kwa moja. Kipimajoto (siku ambazo hakikuwa na zamu shambani) kilisoma kati ya nyuzi 9 na 13.

Hapo nikaona tofauti ambayo ningeamini mapema ningeokoa msimu mzima. Machipukizi ya jikoni mwaka ule yalikuwa meupe, marefu, membamba kama nyuzi, ukiyagusa yanakatika. Haya ya dirishani yalitoka mafupi, manene, ya zambarau yenye kijani, na yakabaki hivyo. Wiki ya tano yalikuwa na sentimita moja na nusu. Mwanga ndio unaoyazuia yasirefuke. Gizani chipukizi hurefuka kwa kuutafuta huo mwanga, na gharama yote inalipwa na akiba ya mbegu.

Sikukata mbegu hata moja. Najua wengi hukata kiazi kikubwa vipande viwili au vitatu ili mbegu itoshe, na kwenye udongo wenye joto kidogo hakuna ubaya, kidonda kinajifunga kwa ngozi mpya ndani ya siku chache. Kwenye udongo wa baridi na majimaji kidonda hakifungi, bakteria wa kuozesha wanaingia, na unabaki na uji. Nilichagua mbegu za ukubwa wa yai la kuku, nikazipanda nzima.

Sasa kuhusu kupasha udongo moto. Hapa nilikuwa na ujanja wangu ambao ulikuwa ujinga. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nimefunika matuta kwa majani makavu, tabaka nene, wiki mbili kabla ya kupanda, nikijisifu kwamba nimeyavalisha blanketi. Blanketi humpa mtu joto kwa sababu mtu ana joto lake mwenyewe. Udongo hauna lake, unaazima kwa jua. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya mkopeshaji na mkopaji. Mchana majani yalizuia jua lisifike chini, na tuta langu likabaki baridi kuliko njia ya kupita kando yake. Matandazo yana kazi yake, na kazi hiyo inakuja baadaye jua likishakuwa kali.

Kwa hiyo safari hii niliyafagia yote. Nikainua matuta juu zaidi ili maji yasituame, maana udongo uliolowa chepechepe unachelewa mno kupata joto. Nikatandika plastiki angavu, nikaikandamiza pembeni kwa udongo. Plastiki nyeusi inazuia magugu vizuri zaidi, lakini angavu inaruhusu jua lipite hadi kwenye udongo wenyewe. Magugu yaliota chini yake kwa furaha kubwa, nikayakwangua siku ya kupanda. Tuta lililofunikwa lilifika nyuzi 8 siku tisa kabla ya lile nililoliacha wazi kwa makusudi ili nilinganishe. Daftari ninalo.

Kupanda nako nilibadilisha. Mwanzoni nilifukia sentimita 15, kwa imani kwamba chini zaidi ndiko salama. Lakini mwishoni mwa kipindi cha baridi joto linaingia kutokea juu, kwa hiyo chini ndiko kunakochelewa. Nikapanda sentimita 7 tu, nafasi ya sentimita 30 kati ya mbegu na mbegu, 70 kati ya tuta na tuta. Kina kilichobaki nilikiongeza baadaye kwa kupandishia udongo kadiri mashina yalivyorefuka. Kabla ya kupanda nilichanganya samadi iliyooza vizuri. Sikuweka mbolea nyingine, na sina la kusimulia zaidi hapo.

Siku ya 19 nikaona ufa. Nilipiga kelele hadi mzee jirani akachungulia juu ya ua akidhani nyoka.

Majani yakishatoka ndipo hofu ya kweli inapoanza, kwa sababu chini ya udongo baridi inachelewesha tu, lakini juu inaua. Jani la kiazi halistahimili: nyuzi moja au mbili chini ya sifuri zinatosha. Nilijifunza kusoma usiku. Usiku wa mawingu silali na wasiwasi, mawingu yanafunika. Upepo ukivuma pia afadhali. Usiku wa kuogopa ni ule mzuri, mbingu nyeupe kwa nyota, hewa imetulia, moshi wa jiko unapanda wima. Joto lote la mchana linapaa bila kizuizi, na hewa nzito ya baridi inatiririka kama maji kuelekea mabondeni. Tuta langu la tatu liko chini kidogo kuliko mengine, mteremko ambao kwa macho huuoni, lakini sakitu, ile barafu nyembamba ya usiku, inauona.

Usiku mmoja wa namna hiyo ulikuja mashina yakiwa na urefu wa kiganja. Alasiri nilikuwa nimemwagilia, kwa kuwa udongo wenye unyevu hubeba joto la mchana na kulitoa taratibu usiku. Mashina mafupi nikayafukia kabisa kwa udongo, majani na yote, hayadhuriki. Marefu nikayajengea vijiti nikatandaza juu yake mashuka ya zamani, nikihakikisha kitambaa hakigusi jani, maana panapogusa ndipo panapoungua. Mashuka yakaisha yakiwa yamebaki mashina sita mwishoni mwa tuta la tatu. Ilikuwa saa nne usiku. Nilitazama mlango wa chumba cha kulala, nikafikiria shuka lililokuwa kitandani, nikamkumbuka mwenye kipimajoto, nikaacha.

Asubuhi ardhi ilikuwa nyeupe. Chini ya mashuka majani yalikuwa mabichi, yamelegea kidogo tu. Yale sita kufika saa tano yalikuwa meusi na yamelala, kama majani yaliyomwagiwa maji yanayochemka. Nilishika jembe niyang'oe.

"Acha," mzee akasema. "Mama yake bado yuko hai."

Na kweli. Chini ya udongo mbegu ilikuwa bado na akiba, na sehemu ya shina iliyofukiwa ilikuwa na macho yake ambayo hayakuguswa. Baada ya siku 12 hivi yakatoka majani mapya, mengi kuliko ya kwanza, ingawa membamba. Nikajifunza pia kutoyapa maji mengi wakati wa kungoja. Mmea usio na majani haunywi, unazama.

Kumwagilia kwa bidii nilianza baadaye, vitumba vya maua vilipoonekana, kwa sababu karibu na wakati huo ndipo vijishina vyeupe vya chini vinavimba ncha na kuwa viazi. Usisubiri maua lakini, kuna aina zisizotoa kabisa. Tuta moja langu halikutoa hata ua moja, na ndilo lililozaa vizuri.

Siku ya 83 sikung'oa shina. Nilipiga goti, nikaingiza mkono ubavuni mwa tuta la kwanza, taratibu, kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku anayeatamia. Nikatoa vitano, kikubwa kikijaa kiganja. Nikakisugua kwa kidole gumba, ngozi ikatoka yenyewe. Viazi vya hivi havihifadhiki, ngozi yake bado haijakomaa, kwa hiyo unatoa vya siku hiyo tu na kurudishia udongo ili vilivyobaki viendelee, visipigwe na mwanga vikawa vya kijani na sumu.

Mzee alikuwa ananitazama juu ya ua.

"Unajiibia mwenyewe sasa?"

"Naonja tu, mzee."

Nikampa viwili. Yale mashina sita ya mwisho wa tuta la tatu sijayagusa bado, yananidai wiki mbili.