Rafiki wa Mshahara

Portland, Oregon. Jumapili, 9 Novemba 2025

Kwenye mkataba wangu wa kazi, mahali pa cheo, pameandikwa neno moja ambalo kwa Kiswahili ni Rafiki. Mwaka 2015 nilipomsomea mama mkataba huo kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Rafiki, na mwisho wa mwezi unapokea mshahara?" Nikamwambia ndivyo. "Haya mwanangu, Mungu akulinde," akasema, kwa sauti ile anayoitumia mtu akimweleza kwamba amenunua kiwanja bila kuonyeshwa hati. Leo asubuhi swali lake limenirudia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha abiria cha gari langu mwenyewe, mahali ambapo sikuwahi kukaa tangu nilinunue.

Binti aliyekuwa kwenye usukani nitamwita Manyunyu. Si jina lake, wala halikaribiani nalo. Siku ya kwanza nilipokwenda kumchukua shuleni, mvua ya huku ilikuwa ikinyesha kwa tabia yake, si ya kumkimbiza mtu wala ya kupuuzwa, naye alikuwa amesimama mlangoni bila kofia, na badala ya kunitazama usoni alitazama viatu vyangu. Alikuwa na miaka mitano. Kamba za viatu vyake zilikuwa na mafundo manne manne, yale anayoyafunga mtoto aliyezoea kujifunga mwenyewe, na nilitumia dakika kama ishirini za mkutano wetu wa kwanza nikiyafungua kwa kucha na kwa uma wa plastiki niliouomba kwenye chumba cha chakula. Hatukuzungumza. Nilipomaliza alizikagua zile kamba, akainama, akazifunga tena vilevile, fundo kwa fundo.

Mtindo wa kazi hii ulizaliwa katika mji huuhuu. Mwaka 1993 Duncan Campbell, aliyelelewa hapa na wazazi walevi na baadaye akatajirika kwa uwekezaji wa misitu, alianzisha Friends of the Children kwa wazo moja lililo rahisi kulieleza na ghali kulitekeleza: mtoto achaguliwe mapema, akiwa darasa la awali, apewe mtu mzima ambaye kuwa naye ndiyo ajira yake na si kazi ya kujitolea ya Jumamosi, na ahadi hiyo isivunjwe mpaka amalize sekondari, miaka 12 au zaidi, hata iweje. Wanaochaguliwa si wenye vipaji wala wenye adabu ya kupendeza wafadhili. Ni wale ambao waalimu wakiwachunguza kwa wiki kadhaa wanaona kwamba wamezongwa na mambo mengi mno kwa umri wao. Shirika ninalofanyia kazi linafuata mtindo huo. Nina watoto 8, kila mmoja kama saa 4 kwa wiki, na anayejua kuzidisha ataona kwamba wiki imekwisha kabla sijaandika ripoti hata moja.

Katika mafunzo ya mwanzo tulisomeshwa habari za kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, ambako mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miongo kadhaa watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Miongoni mwa wale walioanza maisha katika dhiki kubwa, karibu theluthi moja walikua wakawa watu wazima wenye utulivu na uwezo wa kujitegemea, na jambo mojawapo lililojirudia katika maisha yao ni kwamba walikuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kumtegemea, ambaye hakuwa lazima mzazi. Habari hiyo naipenda, lakini inaniudhi kidogo inapogeuzwa bango la ukutani, kwa sababu bango husema "mtu mzima mmoja" bila kusema kwa saa ngapi, kwa miaka mingapi, na nani atalipia mafuta ya gari.

Mwaka 2017 Manyunyu alihamishwa na serikali ya jimbo kutoka nyumba moja ya walezi wa muda kwenda nyingine, kabla bibi yake hajakubaliwa kisheria kuishi naye. Nilifika nikamkuta ameketi ngazini pembeni ya mfuko mweusi wa takataka. Ndani mlikuwa na nguo zake zote, mswaki, na mdoli aliyeng'oka mguu. Hakuna aliyekusudia kumdhalilisha. Mtoto akihamishwa kwa haraka, hutiwa vitu vyake katika kile kilichopo karibu. Jioni ile nilimnunulia begi la magurudumu, la bei nafuu, rangi ya zambarau. Tangu ahamie kwa bibi yake hajahama tena, lakini lile begi liko chini ya kitanda chake mpaka leo, na bibi yake aliniambia kwamba kwa muda wa miaka miwili mswaki wa akiba ulikuwa humo. Nimewahi kuhesabu: tangu tufahamiane amepita shule 4 na maofisa wa ustawi wa jamii 6. Kila ofisa mpya alikuwa akianza kwa kufungua faili na kumuuliza maswali yaleyale, na mara mbili nimemsikia akiwajibu, "Muulizeni yeye, anayajua," huku akininyooshea kidole.

Nisijisifu, maana jambo ninalotaka kuliandika leo ni lile ambalo sijawahi kuliandika vizuri. Januari 2019 baba alifariki Tanga. Nilimwambia Manyunyu, aliyekuwa na miaka minane, kwamba ninakwenda kuzika na nitarudi baada ya wiki mbili. Nilikaa sita. Kulikuwa na arobaini, mambo ya mirathi yaliyohitaji mtu wa kusaini, na mama ambaye hakutaka kulala peke yake. Sababu zote zilikuwa za haki na hakuna mtu wa kwetu ambaye angenilaumu kwa hata moja. Ofisi ilimpangia mwenzangu amchukue mara moja kwa wiki, na mimi nikatuma ujumbe kwamba nimechelewa. Niliporudi, alikaa nyuma ya kiti changu kabisa, mahali ambapo kioo hakimfikii, na kwa karibu miezi miwili aliongea na dirisha. Ndipo bibi yake akanionyesha kalenda ya jikoni, ile inayogawiwa bure na duka la dawa. Siku 14 zilikuwa zimekatwa msalaba kwa kalamu nyekundu, kila msalaba ukiwa umenyooshwa kwa uangalifu. Baada ya hapo kalenda ilikuwa tupu.

Watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha mwaka 2002 uchunguzi ambao kila mwenye nia njema ya kuwa mlezi wa watoto wa watu angepaswa kuusoma kabla hajajaza fomu. Waliwaangalia vijana waliopewa walezi wa kujitolea, si wa kuishi nao bali wa kuwatembelea na kuwaongoza, wakaona kwamba waliodumu na mlezi mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika kuliko wote, ilhali wale ambao uhusiano wao ulikatika ndani ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini kwao. Yaani kuingia kwa mtoto na kutoka mapema si sawa na kutokuingia kabisa. Kunaweza kumwacha pabaya zaidi ya pale ulipomkuta. Uhusiano wetu wakati ule ulikuwa na zaidi ya miaka mitatu na haukukatika, lakini nilipoitazama ile misalaba 14 sikuwa na hamu ya kujitetea kwa takwimu. Tangu siku hiyo simwambii mtoto yeyote kati ya hawa 8 "nitarudi" bila tarehe, na nisipoijua tarehe ninamwambia kwamba siijui.

Yeye naye alikuwa na lake la kuniuliza, na alilihifadhi mpaka Septemba 2020, wakati shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona na moshi wa mioto ya misitu umeifanya hewa ya Portland kuwa miongoni mwa chafu kuliko zote duniani kwa siku kadhaa. Sikuweza kuingia kwao wala yeye kutoka, basi nilisimama barazani nikiwa nimevaa barakoa mbili, yeye akiwa ndani nyuma ya kioo, na tukazungumza kwa simu tukitazamana. Binamu yake alikuwa amemwambia. "Ni kweli unalipwa ili uje kwangu?" Nikamjibu kwamba ni kweli. Akataka kujua ni kiasi gani kwa saa, nikamtajia. Alitoweka kidogo, akarudi na penseli, akazidisha nyuma ya bahasha kwa saa, kwa wiki na kwa miaka mitano, akainua ile bahasha kwenye kioo ili niione jumla. "Kumbe mimi ni wa bei," akasema. Kisha, "Na wakiacha kukulipa?"

Mtu anayetaka kupendwa angejibu kwamba angekuja vilevile kila siku. Nilimwambia kwamba ningelazimika kutafuta kazi nyingine, kwamba ningekuwa namwona Jumapili, na kwamba isingekuwa saa 4. Akafikiri. "Sawa," akasema, akaikunja bahasha. Nadhani alichokuwa akikipima ni kama nitamdanganya. Mama yake, ninayemfahamu, hakumwacha kwa kukosa mapenzi. Alikuwa na kazi mbili, ugonjwa wa uraibu, na basi la saa kumi na moja alfajiri. Mapenzi yalikuwapo, ila hapakuwa na mtu wa kuyalipia saa.

Aliyenisaidia kuikubali hali hii ya mshahara ni mama mdogo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa somo, yaani kungwi, wa wasichana wa Ngamiani, mtaa wa Tanga. Nilimlalamikia siku moja kwamba naona haya kupokea pesa kwa ajili ya kumsikiliza mtoto. Alicheka sana. "Kwani mimi nilikuwa nafunda bure? Nilipewa doti za kanga, nilipewa ubani, nilipewa changu mkononi, na asiyetoa nilimsema!" Na hao aliowafunda, mpaka leo wanamtembelea Idi, wakigombana na waume zao wanakwenda kwake kabla ya kwenda kwa kadhi, na mmoja wao ana wajukuu sasa. Ada haikuufanya usomo kuwa biashara; ilikuwa ni namna ya watu wazima kukubaliana mbele ya mashahidi kwamba jambo hili ni kazi, na kwamba fulani ndiye atakayeulizwa. Tofauti ni kwamba msichana wa Ngamiani alikuwa pia na shangazi, bibi, na mtaa mzima wenye macho, na somo alikuwa mmoja tu katika safu ndefu. Manyunyu ana bibi mmoja mwenye miguu inayovimba, kisha mimi.

Ndiyo maana nasikitika wenzangu wanapoondoka, ingawa siwalaumu, kwa sababu ahadi ya miaka 12 ni ya shirika na si kila mtu anaweza kuibeba yote kwa mgongo wake. Mmoja wa watoto wangu 8 nilimrithi kwa mwenzangu aliyehamia jimbo lingine. Makabidhiano yalifanywa kwa utaratibu, miezi kadhaa, sote watatu tukienda pamoja maktaba na kula pamoja, na bado mwaka mzima wa kwanza mvulana yule hakunitaja kwa jina. Aliniita "huyu mpya".

Ajuaye kudai ushahidi naye ana haki yake. Uchunguzi mkubwa wa mtindo huu, uliowahusisha watoto 278 katika miji minne ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2017, ulionyesha tofauti za kiasi baada ya miaka mitano, hasa katika mwenendo wa shuleni. Hazikuwa za miujiza. Wafadhili wakitutembelea huwa wanataka kuonyeshwa miujiza, na huwa tunamtafuta kijana mmoja aliyeingia chuo kikuu, tunamvalisha shati zuri. Manyunyu sina uhakika kama angefaa kwa shughuli hiyo. Ana alama za wastani, amewahi kusimamishwa shule mara moja, na hesabu anaijua zaidi kuliko anavyokubali. Mama hunipigia siku hizi na kabla ya kuniuliza habari zangu huuliza, "Mjukuu wangu hajambo?", kisha husubiri nimpe Manyunyu simu ili amwamkie kwa "shikamoo" ile ya kuvutavuta yenye lafudhi ya Oregon.

Amepata leseni ya kujifunzia udereva wiki mbili zilizopita. Huku hutolewa kuanzia miaka 15, kwa sharti kwamba pembeni akae mtu wa miaka 21 au zaidi mwenye leseni ya miaka mitatu. Bibi yake hana gari. Ofisi iliulizwa, bima ikaulizwa, na leo saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye maegesho matupu ya duka lililofungwa, manyunyu yakianguka kama kawaida yake. Alirekebisha vioo vyote vitatu bila kuambiwa. Kile cha ndani alikivuta mpaka akauona uso wangu, akanitazama humo kwa muda, ndipo akakielekeza nyuma ya gari panapostahili. Tulizunguka kama saa nzima. Mguu wangu wa kulia ulikuwa ukikanyaga breki isiyokuwapo, naye aliuona, akaanza kupunguza mwendo kabla ya kila kona ili nisiuchoshe.

Nimemrudisha kwao, tukaandika kwenye kalenda ya jikoni: Jumatano, saa tisa na nusu. Nilipoingia tena garini ili niondoke, miguu yangu ilizifikia pedali kwa taabu. Alikuwa amekisogeza kiti nyuma, vidole vinne hivi, nami sikukirudisha mpaka nilipofika taa za kwanza.