Pembe ya L

Binti yangu yuko kwenye ule umri wa kusoma kila kinachojipitisha mbele ya macho yake. Anasoma maboksi, anasoma fulana za watu, anasoma tyubu ya dawa ya meno huku povu linamtoka. Juzi jioni nilikuwa nimejinyoosha kwenye kochi, miguu mitupu, akaja akachuchumaa upande wangu wa kulia na kulaza kichwa kwenye bega lake mwenyewe.

"Baba, una L."

Nilidhani ni mchezo mpya. Kumbe ameweka kidole nyuma ya kifundo changu cha mguu na anaufuata mstari: chini, chini, halafu kona, halafu mbele kuelekea kidole kidogo. Njia ya kwanza nilikisikia kidole chake. Huku mbele nilikiona tu, maana upande ule wa mguu una ganzi mpaka leo. Na ni L kweli. Ningevunjika kisigino cha kushoto ingekuwa imegeuzwa, asingeitambua, na mimi ningemaliza usingizi wangu kwa amani.

"Mbona kona yake mbaya?"

Mwalimu wao ni mkali kuhusu kona.

Kisigino nilikivunja nilipoanguka kutoka kwenye ngazi. Habari hiyo wengine mnaijua, na wale mlionicheka nimeshawasamehe. Ambalo sikuwahi kulisimulia ni la zile siku za baadaye, kwa sababu halina kishindo. Nilifika hospitali nikiamini kwamba mfupa uliovunjika unatengenezwa usiku uleule. Nikapigwa picha, nikabonyezwa uti wa mgongo wote, maana anayetua kwa visigino mara nyingine huvunja na huko juu, kisha nikafungwa plasta ya nusu, nikaambiwa nisubiri. Nilisubiri siku 12.

Mguu ulikuwa umevimba hadi kifundo kimepotea. Malengelenge yakatoka, mengine ya maji meupe, mengine ya damu. Kila asubuhi daktari alifungua bandeji, akaibana ngozi ya pembeni ya kisigino kwa vidole viwili, akaiachia. Ilikuwa inang'aa na kukaza kama puto. "Bado," anasema, anafunga, anaondoka. Siku ya tano nikamuuliza kwa ukali kidogo kama huo mfupa haujiungi vibaya wakati yeye anafinyafinya ngozi. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Kujiunga vibaya utajiunga, alisema, ndiyo maana hatutapitisha wiki tatu. "Lakini mfupa nitaupanga. Kinachoninyima usingizi mimi ni ngozi."

Akanichorea kwa kalamu juu ya plasta. Ngozi ya pembeni ya kisigino ni nyembamba, chini yake hakuna nyama, ni mfupa tu. Anakata mstari wa L, anaiinua ngozi yote kwa unene wake kama kifuniko cha bahasha, anaizuia kwa vijiti vya chuma ili pasiwe na mkono wa kuivutavuta, anafanya kazi yake, anairudisha. Kifuniko hicho kinaishi kwa mshipa mdogo wa damu unaoshuka nyuma ya kifundo. Akagusa kona ya L kwa ncha ya kalamu: hapa ndipo mbali kabisa, damu inafika imechoka. Kukifa kitu, kitafia hapa. Na pakifunguka pakaingia vijidudu, chini yake kuna bamba la chuma, na chini ya bamba kuna mfupa. Wapo wanaorudi thieta mara nne. Wapo waliopoteza mguu.

Kisha akauliza navuta sigara ngapi kwa siku. Nikasema kumi. Zilikuwa kumi na tano. Akaeleza kwamba nikotini inaibana mishipa midogo, na ule moshi unaikalia damu mahali pa oksijeni, kwa hiyo hata hiyo damu iliyochoka inafika mikono mitupu. "Kuanzia leo hapana hata moja." Nikaapa. Nilikuwa na maumivu, ningeapa lolote.

Siku ya 12 aliibana ngozi, na badala ya kuteleza ikajikunja, mistari midogo kama ya kiwiko. Sijui mtu mwingine aliyewahi kuyafurahia makunyanzi kiasi kile. Kesho yake nikachomwa ganzi ya mgongo, nikasikia keekee ikilia upande wa pili wa shuka kana kwamba kuna jirani anatundika rafu, nikatoka na bamba, skrubu na masharti. Mguu uwe juu kuliko moyo. Mto ukae chini ya shavu la mguu, kisigino kibaki hewani kisiguse kitu. Kidonda kisiguse maji. Usikanyage. Nyuzi zitatoka baada ya wiki tatu, si mbili, hata mtu akuambie ngozi imekauka. Mke wangu aliyaandika yote nyuma ya bahasha ya picha za eksirei, na nyumbani akawa analala na jicho moja, mto ukiteleza anaurudisha bila kuwasha taa.

Usiku wa sita baada ya upasuaji sikulala. Maumivu yalikuwa yamepungua kiasi cha kuniachia nafasi ya kuwaza mambo mengine. Nikayachukua magongo, nikajikokota hadi sebuleni, na nyuma ya mlango nikaliona lile koti nililolivaa siku ya ngazi. Hospitali walitukabidhi kwenye mfuko wa nailoni, mke wangu akalitundika pale. Sikuwa natafuta kitu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia mkono ulipokuwa tayari umeingia mfukoni. Ilikuwepo moja, imepinda katikati, karatasi imechanika kidogo karibu na kichungi. Nikaipaka mate, nikainyoosha kwenye paja kama anavyonyoosha mtu barua.

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, gizani. Kukaa pale maana yake mguu kuushusha, hakuna namna nyingine. Damu ikauingia kwa mkupuo. Niliisikia ikijaa kwenye vidole, kisha chini ya bandeji, kisha kwenye mstari wenyewe wa nyuzi, kila pigo la moyo likibisha kwenye kona ile. Katika mwanga wa kiberiti vidole vilikuwa rangi ya zambarau. Nikavuta. Kichwa kikazunguka kama cha mvulana anayeanza. Nilikuwa nazihesabu pumzi, nikijiambia nitaishia tatu, halafu tano, halafu kwa nini niache kipande. Ilikuwa tamu. Ningependa kusema ilikuwa chungu, lakini ilikuwa tamu, na mguu ulikuwa unagonga, gonga, gonga, kama mtu aliyefungiwa nje. Nikakizika kichungi kwenye udongo wa chungu cha maua, nikapiga mswaki, nikapandisha mguu juu ya mito miwili. Mke wangu hakugeuka. Alikuwa anapumua polepole mno kwa mtu aliyelala.

Siku nne baadaye nilikuwa na miadi ya kuangaliwa kidonda. Muuguzi aliondoa shashi taratibu, akanyamaza, akaenda kumwita daktari. Mstari wote ulikuwa mzuri, nyuzi zimepangana kama meno ya kitana, ila pale konani palikuwa na alama nyeusi sawa na ukucha wa kidole gumba.

Daktari aliinama, akabonyeza pembeni, akanusa. Hakuna usaha, alisema. Kisha bila kuinua kichwa: "Umevuta?"

"Hapana, daktari."

Mke wangu alikuwa amesimama ukutani, ameshika magongo yangu. Nilisikia mpira wa gongo moja ukisogea sakafuni.

Daktari aliandika kitu. "Sawa," akasema. "Hata wasiovuta huwatokea." Nimeigeuza sentensi hiyo miaka yote, na bado sijajua kama ilikuwa faraja au mtego niliochelewa kuuona.

Yaliyofuata yalikwenda haraka, au mimi nayakumbuka haraka. Mazoezi ya kifundo yakasimamishwa, shashi ikabadilishwa siku baada ya siku, ile nyeusi ikakauka, ikabanduka, ikaacha shimo dogo jekundu ambalo lilijaa lenyewe kutoka chini kwa wiki saba. Vijidudu havikulifikia bamba. Bamba limo mpaka leo na huwa linanitangazia baridi kabla ya redio. Pale palipokuwa peusi ngozi ilirudi imekunjamana, imeng'aa, kama karatasi iliyowahi kulowa.

Je, ilikuwa sigara ile moja? Au kuushusha mguu? Au zile kumi na tano za kila siku kwa miaka kumi na minane? Au mshipa wangu tu, mdogo kuliko wa wengine? Nimewahi kufikiria kwenda kumuuliza yule daktari, nikakumbuka kwamba ingenibidi nianze kwa kumwambia kuhusu koti. Sigara niliacha, ndiyo, lakini si pale. Niliacha miaka miwili baadaye, kwa sababu nyingine kabisa isiyo na heshima.

"Baba. Mbona kona yake mbaya?"

Jikoni maji ya bomba yalikuwa yanakwenda, vyombo vinagongana.

"Daktari mkono ulimtetemeka," nikamwambia.

Akaitazama tena, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mwalimu wake. "Angefuta," akasema, "aandike upya."

Jikoni bomba likafungwa.