Mama, Musherekha na Kahawa Yangu

Kwa miezi minane kahawa yangu ilikuwa imekufa. Nilikuwa nimehamia Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, katika nyumba ya kupanga yenye uani na kisima kirefu cha mwenye ploti. Nilikuwa na faneli ya plastiki ya kuchujia, karatasi zake, mizani ndogo ya jikoni na kinu cha kuzungusha kwa mkono. Kila asubuhi kabla ya kukimbilia matatu nilipima gramu 15 za kahawa na gramu 250 za maji, nikachuja taratibu, nikanywa kitu kisichokuwa na habari yoyote.

Iliniuma kwa sababu buni zile zilikuwa za kwetu. Nilizinunua kwa kijana mmoja mjini aliyekuwa akizikaanga mwenyewe, naye alizitoa miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Kimilili nilikozaliwa. Zilikuwa SL28, ile aina iliyochaguliwa katika Maabara ya Scott miaka ya 1930, ambayo wazee wetu wameipanda na kuipogoa tangu sijazaliwa. Anayeijua SL28 anajua inavyopaswa kuufanya ulimi: uchachu mtamu, kama wa karakara iliyoanza kujikunja ganda. Yangu ilikuwa na ladha ya chaki. Nikasaga laini zaidi, ikawa chungu. Nikaongeza kahawa, ikawa nzito, lakini bado imekufa. Rafiki akaniambia labda maji yangu ni ya moto mno, niyaache yapoe kidogo kwanza. Lakini Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 tu. Hakuna cha kupoza hapo.

Aprili 2018 mama akaja kwa ajili ya kliniki ya macho. Alishuka kwenye gari na kuku mmoja, unga wa wimbi na furushi la mrenda lililofungwa kwa majani ya ndizi. Jioni hiyo hiyo akaingia jikoni, hakutaka kusaidiwa. Nilimsikia akinyamaza ghafla katikati ya kukoroga. Akainua mwiko, mrenda ukavutika kama uzi mrefu usiotaka kukatika.

“Baba,” akaniita, maana nina jina la babake, “umetia magadi humu?”

“Hapana, mama. Sijagusa sufuria.”

Akafungua mfereji, akalowesha vidole, akavisugua polepole kama mtu anayepima kitambaa dukani. Kisha akaniambia nifanye vivyo hivyo. Miezi minane nilikuwa nikioga maji yale na kulalamika kwamba sabuni haitoki mwilini, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini. Yalikuwa na utelezi wake yenyewe.

“Maji yenu yana musherekha,” akasema, akaendelea kupika.

Asiyetoka upande wetu huenda hajui musherekha. Ni maji ya majivu. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, majivu yake unayachuja kwa maji, na yale maji yanayodondoka unayatia kwenye mboga ngumu ili zilainike na ukali wake upoe. Mboga chachu ukiitia musherekha, uchachu unakufa. Nikabaki nimesimama pale mlangoni. Uchachu unakufa! Maji ya chini ya ardhi huku Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba bikaboneti ya sodiamu, ndugu yake magadi, pamoja na ile floridi inayochafua meno ya watoto wetu. Bikaboneti ikikutana na asidi, huizima. Nilikuwa nikilipia kahawa nzuri kila wiki, kisha nikiizimia ndani ya faneli kwa mkono wangu mwenyewe.

Usiku mvua ikapiga. Nikaamka kuchukua beseni, mama akanizuia. “Acha kwanza ioshe bati.” Tukasimama mlangoni tukiisikiliza, labda robo saa, mpaka maji yaliyotoka kwenye mfereji wa paa yakawa hayana vumbi wala mavi ya ndege. Ndipo akatoka na shuka kichwani akatega beseni mbili na sufuria kubwa.

Asubuhi nikachemsha maji ya mvua. Nikaweka karatasi, nikaisuuza, nikamwaga unga wa kahawa na kuusawazisha, nikatia maji kidogo ya kuulowesha kwanza. Ukafura. Kahawa iliyokaangwa karibuni ina gesi ndani yake, na maji ya moto yakiigusa inapanda kama unga wa mandazi, inapasuka vipovu, harufu inajaa chumba. Mama, ambaye maisha yake yote amechuma kahawa na kunywa chai, akasogeza kiti. Alikuwa hajawahi kuiona ikifanya hivyo.

Baada ya nusu dakika nikaanza kumimina, nikizungusha birika mpaka ukingoni.

“Unamwagia ukuta,” akasema.

“Vipi?”

“Maji yana uvivu. Ukiyapa njia ya pembeni yatapita huko huko, majivu ubaki nayo makavu. Lete.”

Akanipokonya birika. Alikuwa amekwisha kuelewa faneli yangu ni nini: ni kile chungu kikuukuu cha kwao chenye matundu chini, kinachotandikwa majani makavu, majivu yakashindiliwa juu yake na chombo kikategwa chini. Nilikuwa nimesoma kwamba kuchuja kahawa kwa karatasi kulianza Ujerumani mwaka 1908, pale mama mmoja wa Dresden, Melitta Bentz, alipotoboa chombo cha shaba kwa msumari na kutandika ndani karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la mwanawe. Wangekutana na mama, wangeelewana bila mkalimani.

Mkono wake wa kulia ulishika birika, wa kushoto ukaushika mkono wa kulia kwenye kifundo ili usitetemeke. Uzi wa maji ukashuka katikati, mwembamba kama ule wa mrenda wa jana, ukazunguka duara dogo lisilozidi sarafu ya shilingi ishirini. Maji yakipanda, alisubiri. Yakishuka, alimimina tena. Hakuangalia mizani yangu hata mara moja, nami niliiangalia kwa niaba yake: ilipofika 250 alikuwa tayari ameliinua birika. Kahawa ilikuwa bado ikidondoka alipoiondoa faneli na kuiweka kwenye bakuli.

“Mama, haijaisha.”

“Ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Hayo ya mwisho waachie majivu.”

Tukagawana kikombe kimoja. Uchachu ulikuja mbele kabisa, mkali, ukanipanda hadi nyuma ya taya, nikacheka kwa furaha kama mtoto. Karakara ile ile! Mama hakucheka. Alishika mdomoni, akameza, akatazama nje. Akaniambia kwamba walipokuwa wasichana, wakitumwa shambani, walichagua tunda jekundu lililoiva sana, wakalifinya buni zikatoka, wakanyonya ule ute kabla ya kuzitupa kikapuni. “Iko karibu na hapo,” akasema. “Lakini hii inakata mno. Haina kitu cha kuishikilia.”

Alisema kweli. Maji ya mvua hayana madini karibu yoyote, na kahawa yake huwa na ukali lakini haina mwili. Akachukua kikombe, akachota maji ya mfereji, akanyunyiza kwenye birika la mvua kwa kipimo cha jicho, kama anavyotia musherekha kwenye kunde. Mimi nikapima nyuma yake: sehemu nne za mvua kwa moja ya kisima. Tukachuja tena.

Kikombe cha pili kilikuwa na uchachu, utamu baada yake, na uzito wa kukaa ulimini. Mama alikuwa ameomba sukari mwanzoni na nilikuwa nimemwekea mezani. Alisogeza kopo la sukari pembeni kwa kiwiko ili apate nafasi ya kuweka kikombe.

Kufikia saa tano tulikuwa tumemaliza gramu 60. Mama akatoka uani, akalitazama wingu lililokaa juu ya Menengai, akaniambia nilete ndoo zote zilizomo nyumbani.