Michoro ya Kolo na Kazi Yake

Barabara ya lami itokayo Dodoma kwenda Babati imeifanya safari ya kwenda kuona michoro ya kale ya miambani huko Kondoa kuwa shughuli ya asubuhi moja, kwa hiyo sikuwa tena na sababu ya kuiahirisha. Nilishuka Kolo, kijiji kilichoko kaskazini ya mji wa Kondoa, nikalipa kiingilio katika ofisi ya Mambo ya Kale, kisha mwongozaji akatafuta bodaboda mbili za kutufikisha chini ya kilima. Njia yenyewe haina mengi ya kusimulia zaidi ya mchanga na vumbi. Kupanda kwa miguu ndiko kunakochosha.

Eneo hili, lililoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, lina zaidi ya mapango 150 yenye michoro, ingawa mengi si mapango hasa bali ni miamba iliyoinama na kuacha kivuli chini yake. Katika mojawapo nilioneshwa watu warefu, wembamba, wenye vichwa vikubwa, waliochorwa kwa rangi nyekundu, na wa katikati ameshikwa na wenzake wa pande zote mbili. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyeinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliona hapo mtu anatekwa. Watafiti waliofuata, wakikumbuka ngoma ya simbo ya Wasandawe, kabila la eneo hili, ambamo mchezaji hupandisha pepo, wameelekea zaidi kuona uganga. Mimi nilisimama mbele ya mchoro huo kwa muda mrefu, na kila nilipobadili maelezo, mikono ileile ilionekana mara inavuta, mara inategemeza.

Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba sanaa ni nyongeza: chakula kwanza, nyumba ifuate, halafu ndipo picha ipate nafasi ukutani. Waliochora kwa rangi nyekundu walikuwa wawindaji na waokotaji wa matunda na mizizi, watu wasiokuwa na ghala wala nyumba ya kudumu, na bado walitenga muda wa kutengeneza rangi, kupanda huku juu na kumchora twiga au yule swala mkubwa aitwaye pofu kwa mkono usiotetemeka. Hawakungoja kushiba. Jambo hilo peke yake linatosha kunifanya niishuku ile orodha yetu ya mahitaji.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba picha zimepandana. Michoro myeupe, inayohesabiwa kuwa ya wakulima waliokuja baadaye, imechorwa juu ya ile myekundu, ilhali mawe matupu yamejaa kilima kizima. Kama lengo lingekuwa picha ionekane vizuri, mchoraji angesogea hatua chache. Naona walilitaka jiwe lilelile, kwa sababu lilikwisha kuwa mahali pa kufanyia jambo, na kuchora kulikuwa sehemu ya jambo hilo.

Jambo hilo halijakoma. Wenyeji bado hufika hapa Mungumi, mojawapo ya mapango ya Kolo, kwa matambiko ya kuomba mvua na uponyaji, na katika matambiko hayo pombe ya mtama imekuwa ikirushwa kwenye mwamba wenye michoro. Wahifadhi hulalamika kwamba pombe huharibu rangi, na wana haki. Hata hivyo, kuwazuia wazee wasije kungebakiza michoro iliyo salama lakini isiyo na mwenyewe, na sijui kama hicho tungekiita kuhifadhi.

Nilimuuliza mwongozaji iwapo pombe haiwezi kumwagwa kando kidogo ya ukuta. Alicheka. “Kaka, ukienda kumsalimia mkubwa wako, unasimama barabarani?”

Nilimjibu kwamba heshima hiyo haizuii rangi kuchujuka, naye akasema kwamba mvua na jua vimeshachuja nyingi kuliko wazee. Tuliendelea kubishana tukiteremka kilima, na hatukuwa tumekubaliana basi la Babati lilipofika.