Matundu ya masikio yaliyopotea

Tangu daktari aniambie gegedu la goti langu, ile tishu ngumu inayonyumbuka ya kwenye viungo na masikio, limelika na haliotagi tena, nimekua nasoma kila kitu kuhusu gegedu, saa ingine mpaka usiku wa manane, na kuna kisa kimoja cha panya kimenikaa kichwani mpaka nimeona bora nikiandike.

Maabarani panya wengi wanatambuliwa kwa matundu ya masikio, tundu la kama milimita 2 hivi, na kwa panya wa kawaida likishatobolewa linabaki hivohivo mpaka anakufa, ndo maana linafaa kua alama. Sasa miaka ya 1990 pale Wistar Institute, Philadelphia, Ellen Heber-Katz na wenzake walikua na panya wa ukoo wa MRL, wanaowatumia kuchunguza magonjwa ya kinga ya mwili, wakawatoboa, wiki chache baadae wanaangalia matundu hamna! Ilidhaniwa labda hawakutobolewa kabisa. Wakatoboa tena, yakaziba tena, ndani ya kama mwezi, bila kovu, na katikati limeota gegedu jipya. Wakachapisha 1998.

Gegedu jipya jamani. Maana gegedu halina mishipa ya damu, seli zake ni chache na kila moja imekaa kwenye kijumba chake peke yake, likichanika hakuna damu ya kuleta msaada, na hata likijaribu kujiziba mara nyingi inaota tishu ya nyuzinyuzi, sio lile laini linaloteleza kwenye kiungo, na hiyo tishu haidumu.

Mwaka 2010 kundi hilohilo likaonyesha kwamba jeni inayoitwa p21 inahusika. Hii ni kama breki, inaizuia seli isigawanyike kama DNA yake ina hitilafu. Wakachukua panya wasio wa MRL ambao wametolewa hiyo jeni na matundu yao yakaziba pia. Kwa mtu lakini huwezi kwenda kung'oa breki hiyo moja kwa moja, inatulinda na kansa, na mimi hapo ndo niliogopa kidogo. Kwahiyo ule utafiti wao wa 2015 ndo umenipa moyo zaidi, hawakugusa jeni yoyote, waliweka dawa kwenye jeli chini ya ngozi ya panya wa kawaida, ikapandisha protini ya HIF-1alfa kwa muda tu, ile inayopanda oksijeni ikipungua, na masikio yakaziba.

Halafu kuna panya wa miiba wa Kenya, Acomys, wale ngozi inachanika ukiwashika tu, 2012 ilionekana nao wanaziba matundu ya masikio makubwa zaidi, na vinyweleo vinarudi.

Ila sikio halibebi uzito, goti linabeba mwili mzima kila hatua. Ndo maana siku hizi nikikuta habari ya gegedu kuota upya naangalia kwanza ni la sikio au la goti, ni la panya au la mtu, alafu ndo naendelea kusoma, na naendelea kila mara.