Mji wa miguu na magoti ya mamangu

Nilipoamua kuhama Mombasa nilijiwekea sharti moja: niishi mahali ambapo sitahitaji gari. Petroli, bima, fundi asiyeisha, foleni ya feri ya Likoni, vyote vilinichosha. Kazi yangu ni kuwawekea watu hesabu zao kwenye kompyuta, kwa hivyo penye intaneti na stima napaweza. Nikabaki na Malindi au Lamu.

Malindi niliipenda, nisiseme uongo. Mji ni tambarare na tuktuk ziko kila kona. Lakini Malindi huna gari kwa sababu unapanda la mwenzio; honi na vumbi ni vile vile. Na nyumba zenye kodi ninayoiweza zilikuwa mbali na soko, kwa hivyo hata fungu la mchicha lina nauli yake. Basi, Lamu.

Wengi wakisikia Amu, ndiyo Lamu yetu ya kisiwani, haina magari huwaza picha za milango ya nakshi, kwa vile Mji wa Kale umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Mimi nilikuja na friji. Lori liliishia Mokowe, bara. Friji ikashushwa, ikaingizwa botini kwa vijana wanne na kelele nyingi, ikavuka, ikapandishwa gatini, ikawekwa kwenye mkokoteni. Mkokoteni nao ukafika mahali kichochoro kikakataa. Hapo hamali wakaipiga kamba, mmoja mbele mmoja nyuma, "Simile! Simile!", na wazee waliokaa barazani wakakunja miguu wapishe. Kila mkono ulioigusa ililazimu ulipwe.

Saruji, gesi na kreti za soda hufika kwa njia hiyo hiyo, hatua za mwisho mara nyingi mgongoni mwa punda, na ndiyo sababu bei za dukani hapa si za Mombasa. Ukihamia mji usio na magari, gharama ya gari hujaikwepa. Umeikata vipande tu, ukawapa nahodha, hamali na mwenye punda. Kwangu ni afadhali, pesa inazunguka mtaani, lakini asije mtu akakwambia ni bure.

Sasa magoti. Mamangu ni mtu mzima na magoti yake hayamtaki. Amu imejengwa kwenye mteremko unaopanda kutoka pwani, na nyumba nzuri za zamani ni za ghorofa, ngazi zake ni za kusimama wima. Dalali alinionyesha moja ya juu kabisa, upepo mtupu, kisiwa cha Manda chote unakiona kutoka darini, kodi nafuu. Niliikataa kabla hajamaliza kuisifu. Kijiji cha Shela nacho ni kama kilomita tatu kutoka mjini. Maji yakijaa njia ya ufukweni inamezwa, na bei za huko ni za wageni. Tulichukua vyumba vya chini mtaa wa Langoni, vichochoro vichache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kwa kuwa hospitali ya kaunti iko upande huo. Ukitafuta nyumba huku, usiulize kwanza choo wala dirisha. Mchukue yule mwenye miguu mibovu kuliko wote nyumbani, mtembee naye kutoka mlangoni hadi hospitali saa saba ya jua kali. Yeye ndiye atakayechagua.

Punda, mama alimkataa kata kata. "Nipande punda mimi? Kwani nimekuwa gunia la simiti?" Kwa hivyo akienda kwa dadake, khalati yangu, huko mwisho wa mji, tunakwenda kwa boti kando ya pwani. Boti nayo ina mambo yake. Maji yakipwa, zile ngazi za chini za gati hubaki na ukoga wa kijani, na mguu mmoja ukiteleza umekwisha. Nahodha huweka mguu wake kwenye ngazi, mwingine botini, na kusema, "Taratibu mama, shika bega, usishike mkono." Siku hizi twamuuliza maji kwanza, ndipo tunamwambia khalati tunakuja.

Na bodaboda? Zipo, hasa mitaa ya nje kama Wiyoni. Kaunti imewahi kuzipiga marufuku ndani ya Mji wa Kale, na hapo mimi niko upande wa kaunti: kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo hawapishani vizuri si mahali pa pikipiki na watoto wanaotoka chuo cha Kurani. Mitaa ya nje ziachwe. Mgonjwa wa usiku hawezi kungoja maji yajae.

Kilichomfaa mama kuliko vyote hakuna dalali aliyenitajia: madaka na mabaraza. Mombasa, kutoka kwetu hadi sokoni, hakukuwa na mahali pa mzee kukaa. Hapa kila milango michache kuna kiti cha mawe kilichojengwa na nyumba yenyewe, na mwenye nyumba akimwona humwambia, "Karibu bibi, pumzika." Anakwenda milango mitatu, anakaa. Mitatu tena, anakaa, anaamkiwa shikamoo, anaulizwa magoti. Juzi alitoka asubuhi kununua nazi mbili, akarudi adhuhuri imeshaadhiniwa, anajua nani anaposa wapi na nani kasafiri, nazi hana.