Nilivyofika La Morra bila gari, nikala na kunywa vizuri

Nimekulia Dodoma, kwenye zabibu. Kwa hiyo nilipopata safari ya kikazi Torino, Italia, sikukubali kurudi bila kuona wakulima wa Piemonte, mkoa ulipo mji huo, wanavyofanya. Nikachagua La Morra, kijiji kilichokaa juu ya kilima, zaidi ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na mashamba ya zabibu za Barolo, mvinyo mwekundu maarufu wa huko, yametanda chini yake. Niliambiwa bila gari haiwezekani. Inawezekana, ila lazima ujipange.

Treni ilinifikisha Alba, mji wa karibu. Mabasi ya kupanda kilimani ni machache, Jumapili ndiyo usiyategemee kabisa, hivyo nilimwomba mwenye nyumba ya wageni aniitie teksi mapema. Meza ya chakula cha mchana niliiweka kwa simu siku kadhaa kabla. Hapo ndipo wageni wengi hukwama, maana jiko la kijijini hufunguliwa kama saa sita na nusu, ikifika saa nane na nusu limefungwa hadi jioni. Ukija saa tisa na njaa yako, shukuru ukipata kahawa.

Asubuhi nilishuka kwa miguu katikati ya mizabibu hadi kikanisa cha Brunate, kilichopakwa rangi kali mwaka 1999, nje na msanii Sol LeWitt, ndani na msanii David Tremlett. Ilikuwa Oktoba, Nebbiolo, zabibu ya kutengenezea Barolo, inavunwa. Vichala vilikatwa kwa mkasi, kimoja kimoja, na kulazwa kwenye makreti ili zabibu zisipondeke. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Wao ni mara moja, kisha Barolo hukaa si chini ya miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo kwenye mapipa ya mbao. Nikaacha kushangaa bei.

Mezani ilianza tajarin: tambi nyembamba kama uzi, za njano iliyokolea, kwani kilo moja ya unga hukandwa kwa viini vya mayai 30 au zaidi. Siagi na majani ya seji, kiungo chenye harufu, basi. Mvinyo ulipomiminwa, rangi yake ilikuwa nyepesi kiasi kwamba niliona mshono wa kitambaa cha meza kupitia glasi. Funda la kwanza, bila chakula, lilinikausha fizi kwa ukakasi. Ndipo ikaja nyama ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye Barolo na kupikwa taratibu hadi inakatika kwa uma. Ukakasi ukalainika, harufu ya mvinyo ikafunguka. Ndiyo maana siwashauri watu kukimbia ghala hadi ghala wakionja tumbo tupu. Mvinyo huu umetengenezwa kwa ajili ya meza, na ungenipita kabisa bila ile nyama.

Kabla teksi haijarudi nilipitia Cantina Comunale, duka la kijiji linalouza chupa za wakulima wengi wa hapo. Kama mfuko haufiki Barolo, omba Langhe Nebbiolo: zabibu ni ile ile, haikungoja miaka mingi hivyo, na bei ni nafuu. Chupa nilizifunga ndani ya sweta katikati ya begi la mizigo, kwa sababu kwenye begi la mkononi viwanja vingi vya ndege haviziruhusu.